Futi Kamba

Mama Ndahani, fundi wa pale Makole,
ananizungusha futi kamba kiunoni,
anasoma, anashusha miwani, anasoma tena.
"Jumatatu asubuhi ulikuwa themanini na mbili.
Leo jioni themanini na tisa.
Dada, nikuachie nafasi kwenye mshono?"

Nafasi ya nini, sikumuuliza.
Nilitazama kalenda ukutani, ya duka la pembejeo,
nikahesabu bila kutaka kuhesabu.
Mwaka wa kumi na moja wa ndoa, bado nahesabu.

Siyo hilo, mama. Ni upepo tu.
Upepo wa mji huu hauna haya:
unazoa vumbi la Ilazo, unalimwaga sebuleni kwa watu.
Sikujua kwamba na tumboni mwangu
umepanga chumba, na kodi haulipi.

Ningekuwa mlafi ningekiri.
Chipsi nimeziacha tangu Kwaresma.
Soda naziona kwenye friji za maduka
kama picha za harusi ambayo sikualikwa.
Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Juni ikining'ata masikio,
napanda Mlimwa kwa raba za mtumba,
nashuka jua likigusa mabati ya Area C,
mapaja yamekaza, pumzi imenyooka,
mwili mzima unatii kama askari wa gwaride.
Tumbo peke yake limegoma.

Likiamka ni bapa. Bapa kabisa!
Sketi niliyoajiriwa nayo inanikaa.
Saa nne, uji wa uwele na karanga.
Mchana, kabichi mbichi, maharage, tufaha na ganda lake,
vyote vilivyosifiwa kwenye semina ya afya kazini.
Saa tisa, ofisini Mtumba,
nafungua kifungo kimoja chini ya meza.
Saa kumi, cha pili.
Na kwenye kikao tumbo linachangia hoja
kabla mwenyekiti hajaliruhusu.

Nimekuwa ngoma iliyowambwa na kuanikwa juani,
ukinigusa nalia.
Na ngoma ikilia sana,
mwisho wake mnaujua.

Daktari alibonyeza kushoto, akabonyeza kulia,
akaandika vipimo, vikarudi safi.
Akabaki na swali moja:
"Chakula cha mchana unakula kwa dakika ngapi?"
Nikacheka. Halafu nikakumbuka.
Dakika saba, nimesimama, simu mkononi,
nikibugia maharage
kama mtu anayeficha ushahidi.

Mama Ndahani anasikiliza, pini mdomoni.
"Hayo maharage unayaloweka?"
"Nayaosha."
"Kuosha siyo kuloweka.
Mama yangu kule Mvumi aliyalaza usiku kucha,
asubuhi maji yale anamwaga, anaweka mengine.
Na mboga mbichi kila siku, kama mbuzi aliyevunja zizi!
Nani kakwambia afya lazima itafunwe kwa hasira?"

Jumapili nikapika nilivyoambiwa.
Mlenda, ugali wa mtama, maharage kidogo, bakuli la kahawa.
Nikakaa chini, mkekani, simu nimeifungia kabatini.
Tonge la kwanza nililitafuna mpaka likanichosha.
La tano lilikuwa na ladha
ambayo miaka yote nimekuwa nikiipita mbio.
Kisha nikatembea polepole hadi kwa muuza zabibu na kurudi,
sikununua kitu.

Sijapona, nisiwadanganye.
Juzi limejaa tena, bila sababu, bila salamu,
nikalala ubavu, nikaliwekea kiganja
kama unavyomtuliza mtoto wa jirani.
Nikashangaa: miezi mitatu nalipiga vita,
sijawahi kuligusa ila kwa kulipima.

Leo nimerudi Makole.
Futi kamba ikazunguka, sikuvuta pumzi ndani.
"Mbukwenyi, mama. Ile nafasi, iache.
Vidole viwili hivi."
Hakuuliza ya nani.
Akakata uzi kwa meno, akapinda kitambaa,
na mimi nikamwambia mwenyewe:
ni yangu mimi, mama,
ya saa tisa alasiri.