Dohani ya Bugongi

Fundi Turyasingura alipiga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio kama daktari juu ya kifua cha mgonjwa,
akasema, "Mama, hii ni kazi ya siku moja."
Matofali mawili yalikuwa yameanguka,
bati la juu limeliwa na kutu, basi.
Tukapatana laki mbili na nusu.
Laki mbili nikamtia mkononi,
hamsini ibaki hadi moshi utoke nje.

Siku moja ikawa wiki.
Na Julai ya Kabale haimsubiri mtu:
ukungu unapanda toka bondeni, unalala juu ya mapaa,
asubuhi maji ya ndoo yana meno.

Alipomaliza nikawasha kuni za mkaratusi.
Moshi ukapanda kidogo,
ukafikiri,
ukarudi.
Ukaketi kwenye kiti cha marehemu mume wangu,
ukazunguka picha za harusi,
ukaingia chumbani bila hodi.

"Ni upepo, Mama," alisema mara ya kwanza.
Mara ya pili, "Kuni zako mbichi."
Zimekaa darini tangu mavuno ya mtama!
Mara ya tatu alijibu kwa simu:
yuko Ntungamo, yuko msibani.
Nyuma yake nikasikia muuza viazi wa sokoni kwetu
akiita kwa sauti ninayoijua.
Miaka thelathini na moja nimepima homa wodini;
uongo nao una joto lake.

Nikampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.
Bwana Bagyenda akatuketisha benchi moja,
mimi huku, fundi kule, katikati kofia yake.
"Huyu ni kijana wetu," akasema, "na huyu ni mzazi wetu."
Akaandika, akapiga muhuri, akaomba elfu kumi ya karatasi.
Muhuri ulikuwa na wino tele.
Uamuzi sikuuona.

Nikalala na makoti mawili na soksi za mjukuu.
Kuta zikawa rangi ya sufuria.

Jumamosi nikavaa suruali ya marehemu.
Ainebyona akashika ngazi, anacheka, anaogopa,
"Bibi, una miaka sitini na minne!"
"Shika ngazi, usishike hesabu."
Nikafika juu, nikaingiza mkono hadi begani,
nikagusa kitu laini, kizito, kama kilichokufa.
Nikavuta.
Gunia.
Gunia la saruji, limekunjwa vizuri, limebanwa pale
ili udongo usidondoke motoni wakati wa kazi,
na aliyelibana akashuka, akala chakula, akasahau.

Nikakaa juu ya paa na gunia lile mapajani.
Chumba cha upasuaji tulihesabu pamba,
kumi zimeingia, kumi zimetoka,
ndipo daktari anashona tumbo.
Hakuna aliyeona aibu kuhesabu.

Jioni ile moto ulivuta hadi ukaimba.
Nikavua koti moja. Nikavua la pili.

Siku ya pili akaja, amenyoa, amevaa shati safi.
"Nimeona moshi wako toka barabarani. Si nilikwambia?
Nimefuata ile hamsini."
Nikampa kiti, kile kile cha marehemu.
Nikampa bushera ya moto, akanywa nusu kikombe,
akanyosha viganja kwenye miali, akasifu kazi yake.
Ndipo nikamwekea gunia magotini.
Nilikuwa nimelifua.

Akalitazama kwa muda mrefu.
Kuni zilipasuka, hakuna aliyesema kitu.
"Ni langu," akasema mwishowe, akiliambia gunia.

Nikampa elfu thelathini. Ishirini nimekata:
sabuni, chokaa, na kumi ya mwenyekiti.
Hakubisha.
Akalamba kidole gumba, akazihesabu noti mbele yangu,
akazigeuza, akazihesabu tena.

Kumbe kuhesabu anajua.