Mfuko Usio Wangu

Nguo za jukwaani hazina mifuko.
Ndivyo alivyonifunza Bibi Kuramochi, aliyeniachia mkasi huu:
mfuko huvimba, huvunja mstari wa kiuno,
na kijana akitia mkono mfukoni
safu ya nyuma wanadhani amechoka.

Basi miaka kumi na tisa nimewashonea Tomonari na Haruomi
bila hata pa kuficha sarafu.
Nawajua kwa utepe wa kupimia, si kwa nyimbo.
Tomonari bega la kulia limeshuka nusu sentimita,
upande anaoinamia kipaza sauti.
Haruomi hunenepa kila Januari, keki za mchele za mama yake,
na kila Januari huniapia kuwa kitambaa ndicho kilichonywea.

Alfajiri wako kwenye televisheni, wanakaanga mayai,
wanacheka kwa zamu.
Mchana wamefungiwa studio, wimbo mmoja mara arobaini.
Usiku hapa Nagoya, mchezo wa kuigiza:
mmoja mtawa, mwingine mwizi wa kengele ya hekalu.

Nchi nzima inawaita kwa jina moja.
Chanda na pete.
Mimi niko nyuma ya pazia na pini mdomoni,
na mdomo wenye pini hausemi:
tangu mvua za mwaka juzi
hawajapeana hata salamu.
Magari mawili. Vyumba viwili. Birika mbili za chai.
Wengine wanasema fedha, wengine msichana wa Sapporo;
mpiga ngoma anasema ni neno moja tu, ndani ya lifti.

Mwezi wa pili sauti ya Haruomi ikaanza kukwaruza.
Usiku ule Tomonari alisimama mlangoni kwangu na soksi tu,
akalinyooshea kidole koti la mwenzake:
"Bi Isozaki, fungua hapa. Kushoto. Padogo tu."
Nikamsomea sheria yote.
Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu,
kisha akasema, "Padogo tu."

Tangu hapo, kila onyesho, peremende moja ya tangawizi.
Anaitia mwenyewe, taa zikizimwa.
Haruomi huingiza vidole viwili,
hugeukia upande wa giza,
humumunya.
Hajauliza.

Jana napiga pasi koti la Tomonari,
pasi ikagonga uvimbe.
Ndani, kushoto: mfuko.
Si wangu.
Uzi wa buluu kwenye kitambaa cheusi,
mishono kama nyayo za kuku topeni,
mishono niliyoijua, iliyojulikana na nchi nzima,
tangu kipindi kile cha Jumapili
Haruomi alipopewa sindano ashone aproni,
akajidunga mara saba,
ukumbi ukacheka hadi machozi.

Humo, karatasi za peremende,
kila moja imekunjwa mara nne,
zimepangwa kama risiti.

Nikashika mkasi. Kazi ni kazi,
na kamera ya karibu haimsamehei mtu uzi wa buluu.
Nikauweka.
Nikatwaa kalamu nyeusi, ile ya kuandikia majina kwenye kola,
nikaupaka uzi, mshono kwa mshono,
polepole, wino usivuje.

Kengele ya dakika tano ikalia.
Nikarudisha pini mdomoni.