Pembe na Waya

Miaka thelathini na moja Shalva aliendesha basi la umeme
hapa Kutaisi, soko hadi stesheni, stesheni hadi soko,
pembe mbili juu ya paa zikinyonya waya.
Leo amekwama mlangoni mwa jikoni.
Si kwamba hataki. Miguu imegandia sakafu,
mkono wa kulia unatwanga hewa,
na uso wake, uliozoea kucheka kabla ya mdomo,
umetulia kama sahani.

Mimi nilikuwa nikimvuta. Nakiri.
Nikisema, twende jamani, supu inapoa,
naye akianguka pamoja na haraka yangu.

Muuguzi Nestani huja Jumanne, ngazi za ghorofa nne,
akihema. Hagusi chai kabla ya kunawa.
Alibandika utepe mwekundu sakafuni, mistari sita,
kutoka kitandani hadi chooni:
"Usimvute. Mwambie avuke mstari."
Nikadhani ni mchezo wa watoto.
Shalva akatazama chini, akainua goti,
akavuka.
Akavuka tena.
Niligeukia sinki, nikafungua maji bure.

Vidonge saa moja, saa nne na nusu, saa nane.
Si saa nane na robo.
Na jibini, mama, ikae mbali na kidonge.
Jibini! Katika nyumba hii!
Nilibishana naye wiki tatu
hadi nilipojionea mwenyewe, asubuhi ya jibini,
kidonge kimemezwa lakini hakijafika.

"Hauponi," aliniambia pale ngazini,
bila kushusha sauti, bila kunishika bega.
"Unauguzwa."
Nilimchukia mpaka nyayo zake zilipofika chini.

Usiku namgeuza, maana shuka imemshinda.
Sauti yake imesinyaa kama mwandiko wake,
sisimizi wanaofuatana kwenda ukingoni mwa karatasi.
"Tsiala," ananong'ona, "pembe imechomoka tena."

Zamani ikichomoka, abiria walipiga kelele,
wengine walimtukana mamaye.
Alishuka kwenye theluji, akashika kamba,
akilenga, akikosa, akilenga,
mpaka cheche iruke na taa ziwake,
kisha akapanda, akaomba radhi, akaondoa basi.

Saa kumi na moja alfajiri.
Kidonge bado saa mbili.
Namshika mkono.
Simvuti.