Msomaji wa Somo la Pili

Miaka kumi na mitatu nasoma somo la pili
katika ibada ya Kiswahili, hapa Kilembe,
ile ya saa moja asubuhi, ya watu walioletwa na shaba
wakabaki shaba ilipokwisha:
Mlugbara, Mkiga, Mwacholi, nasi Wakonzo wenye mlima.

Somo la kwanza lina vita na ngamia.
Injili husimamiwa na wote.
Katikati napanda mimi, Biira, miwani ya kamba,
nimeshika barua ya mtu mwingine,
na wenye watoto huwatoa nje wakakojoe.

Ni barua. Nilichelewa kulijua hilo.
Nilizisoma kama tangazo la halmashauri
mpaka mwaka ule mto Nyamwamba uliposhuka usiku
na mawe makubwa kama ng'ombe,
ukachukua mabenchi, ngoma na rejista ya ubatizo,
ukatuachia tope na ugomvi.

Mabati themanini yalitoka dayosisi.
Sitini na moja yalifika juu ya paa.
Mzee Bwambale akasema hivi,
Kabugho mweka hazina akasema vile,
faili likaenda polisi, likateremka mahakamani Kasese,
na hakimu, Mwislamu mpole, akavua miwani:
"Kwenu kote huko hamna hata mmoja
awezaye kuwapatanisha?"

Jumapili nikafungua ukurasa wa siku
nikakuta swali la hakimu limenitangulia,
limekaa pale tangu enzi za Warumi, likitusubiri.
Nilisoma polepole.
Hakuna mtoto aliyetolewa nje.

Kisha sikukuu ya mavuno. Hema la wageni, kuku, soda baridi;
huku nje, mstari wa wajane na sahani za plastiki,
na mchuzi umekwisha kwa mtu wa tisa.
Mchungaji Kule, kijana, joho lake bado lina mikunjo ya dukani,
aliona somo la wiki ile akaninong'oneza:
"Mama, leo tufupishe."
Nikamwambia, aliyeandika alikuwa na mnyororo mkononi
na hakufupisha.
Hatukusemezana mwezi mzima.
Mavuno yaliyofuata nilimwona mwisho wa mstari,
nyuma ya Ithungu kipofu, sahani mkononi.
Mchuzi ulikwisha kabla yake.
Alikula bundu kavu, akikohoa.

Lakini kuna mahali nilipozoea kuruka:
mwisho, kwenye salamu.
Majina yanayovunja ulimi, nani na nyumba yake,
mama wa fulani aliyekuwa mama kwangu pia,
na mtu huyu mkubwa wa mafundisho
anaomba aletewe koti alilolisahau kwa rafiki,
na waje kabla ya majira ya baridi.
Sisi tunaolala chini ya theluji ya Rwenzori
tunaijua sauti hiyo.
Si mafundisho. Ni mtu anatetemeka
na anawataja watu ili apate joto.

Nikachana karatasi katika daftari la mtoto.
Kabugho alikuwa amehamia Hima, kwenye vumbi la saruji,
hasali popote.
Sikuandika habari za mabati. Niliandika:
Ithungu anakusalimu. Thembo wa umeme anakusalimu, jino lake limeng'olewa.
Kwaya wanakusalimu, ingawa sauti ya pili imelegea.
Binti wa Masereka amezaliwa, anaitwa Masika.
Bwambale hakusema kitu, lakini aliniona nikiandika
akanipa kalamu yake.

Muhindo wa pikipiki akaipeleka.
Wiki sita.
Jumapili zile nilisoma salamu zote, bila kuruka hata jina,
na watu wakatazamana: leo kuna nini?

Karatasi ikarudi, ile ile,
na wino mwekundu wa mweka hazina juu ya mstari mmoja:
*Masika wanaye tayari. Huyu ni wa pili. Ni Biira, kama wewe.*
Na chini, kwa herufi ndogo zilizobanwa ukingoni:
*Hilo paa, linavuja upande gani?*