Friji la Perpetua

Jumatatu nyanya ziligonga bakuli: ko, ko, ko,
kama mtu anayebisha hodi kwa kokoto.
Mchicha ulikuwa kioo.
Maziwa yalipasua chupa yakabaki yamesimama,
yana shingo, yana mabega, hayana nguo.

Na nyuma ya maziwa, rafu ya juu,
kichupa cha insulini ya mayu.
Nikakitikisa. Ndani hamkutikisika kitu.

Nilikianika juu ya jiwe, kwenye jua la Mabatini,
mpaka kikarudi kuwa maji, nikajipongeza.
Muuguzi hakukipokea hata mkononi.
"Ikishaganda imekufa," alisema.
"Hayo unayoyaona ni maji yanayoigiza dawa."

Nikarudi nikipanda ngazi za mawe, mia na kitu,
kichupa kipya ndani ya kitambaa kilicholowa,
pesa ya kodi imeshakatika,
na njiani nikampigia Perpetua wa Pasiansi, aliyeniuzia friji,
nikamwita mwizi.
Nikalirudia neno, asije akadhani mtandao umekata.

Siku tatu nilikuwa fundi wa kujiteua.
Kitufe nilikitoa tano nikakileta moja:
ni sawa na kumwomba mlevi apunguze sauti.
Nilibana noti ya elfu mlangoni, nikaivuta,
mpira ukaing'ang'ania kama mwenye duka.
Nililisogeza mbali na ukuta
(ukuta wetu wa nyuma ni jabali lenyewe;
aliyejenga alichoka kulivunja, akalifanya chumba).
Bado usiku lilinguruma bila kituo,
na luku ikaanza kulia, ti, ti, ti,
kama kifaranga anayejua bei ya uniti.

Mayu akaamka: "Linamfukuza nani usiku wote huu?"

Ijumaa akaja Luhende, fundi wa Igogo,
bisibisi moja mfukoni, mkono wa shati umetobolewa na cheche.
Hakugusa kitufe. Aliinama akasikiliza
jinsi mkunga anavyosikiliza tumbo.
Kisha akafungua kifuniko cha taa,
akavuta kitu chembamba cha shaba, mkia wa panya.

"Huu ndio ulimi wake. Unaonja baridi, unasema: imetosha.
Sasa ona ulikolala."
Ulikuwa umechomoka kwenye kibanio chake,
umepenya tundu la nyuma, umejilaza
karibu na joto la mashine.
Unaonja joto, unatangaza joto,
na friji, maskini, linatii.
"Friji halina kosa," alisema.
"Nani alichokonoa barafu kwa kisu?"

Nilitazama dirishani.
Kuna saa ziwa linakuwa jeupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu,
na huwezi kulitazama ukiwa na aibu.

Aliurudisha mkia mahali pake, akabana, akasubiri.
Baada ya nusu saa friji likakohoa, likatetemeka, likanyamaza.
Sikuwahi kulisikia likinyamaza.
Tulisikia kuku wa jirani, tukasikia mtu chini ya mlima
akigonga bati, tukasikia tumbo la Luhende.
Nikamkatia mihogo.

Jioni nilimpigia Perpetua. Hakupokea.
Nikampigia tena. Kesho nitampigia.

Kichupa kipya hakikuingia friji.
Tangu Jumatatu mayu alikuwa amekiweka chunguni,
chungu ndani ya chungu, katikati mchanga wa ziwa,
kitambaa juu.
Kila asubuhi anaumwagilia mchanga maji
kama mche aliopewa na mtu anayemheshimu.
"Friji limepona, mayu," nikamwambia. "Fundi kaurudisha mkia."
Aliweka kiganja ubavuni mwa chungu, akakiacha hapo
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
"Sawa," alisema. "Chungu hakina mkia."