Mkwaruzo

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, duka la fundi redio,
Ijumaa baada ya isha. Baiskeli nne zimeegemea ukuta
zimeshikana pembe kama mbuzi wa mnadani.
Ndani, pasi ya kulehemu imezimwa, bado inanuka bati,
na Mbaruku anafuta sindano kwa ncha ya kanzu
ingawa tumemkataza mwaka mzima.

Santuri ni moja. Tunazo nyingine, ndiyo,
lakini santuri ni hii.
Jalada lina farasi wa buluu asiye na kichwa,
maana kichwa, pamoja na majina ya wapigaji,
vililiwa na mchwa wa Makorora mwaka wa mvua kubwa.
Basi majina tukawapa wenyewe.
Mpiga besi ni Kilua: anatembea kama Kilua wa relini,
hana haraka, wala hakosei taruma.
Wa kinanda cha umeme ni Semboja.
Wa ngoma hatujakubaliana.
Mimi nasema ni watu wawili.
Hizza ananiambia kahesabu tena.

Nahesabu. Mdundo una saba.
Moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu.
Hizza huanza na tatu, na kwa hilo tu
tulinuniana toka Mfungo Tatu hadi Maulidi,
tukisalimiana kwa nyusi.

Halafu, dakika ya nne:
tak.
Aliukwaruza Mwanakombo, ana miaka sita,
kwa pini ya nywele ya mama yake.
Alitaka kuona sauti zimekaa wapi.
Baba yake hakumchapa. Alisema neno moja
ambalo siliandiki hapa, kisha akairudisha mwanzo.
Leo Mwanakombo ni muuguzi Bombo,
huja na sare yake, viatu mkononi,
hukaa juu ya kreti karibu na spika.
Hapendi tuongee wakati wa besi.

Wiki iliyopita Hizza kaja na flashi.
Mpwa wake aliyeko Maskati kaipata kazi ileile,
nzima, haina hata punje ya vumbi.
Tukaifunika santuri kwa adabu, kama chakula cha mgeni aliyechelewa.
Na kweli, tukasikia vitu.
Njuga nyuma ya ngoma.
Mtu anavuta pumzi kabla ya tarumbeta.
Na wa ngoma kumbe ni mmoja
(nilitazama dari),
mmoja, mwenye mikono ya ukoo mzima.
Mbaruku alilia kidogo, akasingizia moshi wa bati,
na pasi ilikuwa imezimwa.

Ikaja dakika ya nne.
Hakuna aliyepanga. Mbaruku kwa bisibisi, Hizza kwa ulimi,
mimi kwa kifuniko cha birika,
Mwanakombo kwa ukucha kwenye kreti:
tak.
Wale wapigaji wakapita moja kwa moja,
hawakujikwaa,
kama watu waliohama mtaa wasioitika tena jina la utani.

Tukabaki tunatazamana.
Hizza akainua simu. "Na majina yapo, kaniandikia yote.
Niwasomee? Huyu wa besi anaitwa..."
Mwanakombo akaweka kiganja juu ya kioo,
kiganja kinachonuka spiriti ya wodini.
"Kilua," akasema.
Hizza akafungua mdomo, akaufunga.
"Haya. Kilua. Lakini tatu zinaanza."
"Hazianzi," nikasema.

Mbaruku keshaichomoa flashi,
keshaitoa santuri kwenye mfuko wake wa khanga,
anafuta sindano, kwa kanzu tena.
Luku inasoma uniti mbili na robo.
Upande wa kwanza tu, basi.
Nyamazeni.