Karani wa Mizani

Kazi yangu ni kupima malori hapa Busitema.
Lori linapanda jukwaa, linatulia, breki zinapumua,
nami nasoma tarakimu nyekundu:
ekseli ya pili sawa, ya tatu imezidi.
Dereva anaapa kwa mama yake mzazi.
Namwambia mizani haina shemeji.

Basi Jumatatu moja ya mvua, barabara tupu,
nilipanda mwenyewe, na viatu, na mwavuli.
Mashine ile husoma kwa kilo ishirini ishirini.
Ikasema mia. Ikasema mia na ishirini.
Ikarudi mia, kama mtu anayeona haya kunitajia.

Nesi Akongo hakuona haya.
"Mia na kumi na tatu," akasema, akaufunga mkono wangu
kwa kile kitambaa cha presha kinachobana kama deni.
"Asubuhi unakunywa chai, usiku unakula kidogo.
Kinachokuua ni hicho cha mchana. Kihesabu."

Kuhesabu najua. Nikachukua kitabu cha stakabadhi za faini,
nikakigeuza nyuma, nikaanza:
chapati mbili na mayai mawili ndani yake, kalori mia nane;
soda, mia moja na hamsini, na hiyo hata haitafunwi;
mchuzi wa karanga...
hapo kalamu ilisita.
Nani amewahi kuhesabu mchuzi wa karanga?
Unamiminwa, unatafuta njia zake kwenye wali,
unaingia mabondeni kama maji ya Mpologoma.

Muuza chakula ni Adikini. Miaka tisa
hajawahi kuniuliza nataka nini.
Ananiona nikivuka barabara, anafunua chungu.
Siku niliyosema, "Nusu, tafadhali, na mboga ziwe nyingi,"
alinitazama jinsi madereva wanavyonitazama mimi.
"Nimekukosea nini?"

Mwachofi, dereva wa Voi niliyempiga faini mara tatu,
aliangusha kijiko kwa kicheko:
"Karani amezidi! Ekseli ya katikati!
Mama, mpakue huyo!"
Benchi zima likatikisika.

Nikabaki na neno lile. Pakua.
Kwenye lori ni kupunguza,
kwenye chungu ni kujaza sahani,
na mimi nimeishi miaka tisa kati ya maana hizo mbili,
nikidai moja, nikila nyingine.

Ilichukua wiki. Alhamisi Adikini aliniwekea, bila neno,
kunde zilizopondwa na kukamuliwa ndimu,
ngege mdogo wa kuchoma, jicho lake likinihukumu,
na atapa ya wimbi, kipande
alichokipima kwa ngumi yake mwenyewe.
"Ngumi yako kubwa mno," akasema, "ungenidanganya."
Nikala polepole. Sikujua kunde zina utamu wake
chini ya karanga zote zile,
kama sauti ya mtu mpole kwenye harusi.
Saa tisa njaa ilirudi. Nikaipa papai.
Saa kumi ikarudi tena. Nikanywa maji, nikaitukana.

Ijumaa sikuweza. Mvua, mshahara, harufu ya kitunguu
kikigusa mafuta kwa yule kijana wa roleksi.
Nilikula mbili, nimesimama, nyuma ya kibanda.
Kitabuni nikaandika: moja.

Kisha likapanda lori la simenti kutoka Tororo.
Ekseli ya tatu imezidi.
Dereva, kijana mgeni, akaapa kwa mama yake mzazi.
Nilifungua mdomo niseme lile la shemeji.
Kidole changu kilikuwa kimeacha alama ya mafuta kwenye kioo,
juu kabisa ya tarakimu,
na kijana alikuwa anaitazama.